Majina ya Upishi wa Mataifa: Kutoka Kiingereza Hadi Kifaransa

Mfasiri apewapo orodha ya vyakula vya karamu ya kimataifa hudhani kuwa ugumu wa kazi yake umo katika majina ya vitoweo. Sisi twaona kwamba mtego mkubwa zaidi umo katika kivumishi cha taifa.

Sarufi yenyewe si tatizo. Neno la Kifaransa 'cuisine' ni la jinsia ya kike, na kivumishi hulifuata: upishi wa Kigiriki ni 'cuisine grecque', wala si 'grec', tena huandikwa kwa herufi ndogo, ambapo Kiingereza hutumia kubwa. Hayo mwanafunzi huyajua mapema.

Tatizo limeletwa na historia. Pwani ya kaskazini ya Amerika ya Kusini iligawanywa baina ya Waingereza, Waholanzi na Wafaransa, na kila sehemu ikaitwa Guiana. Mwaka 1946 sehemu ya Wafaransa ilifanywa mkoa wa Ufaransa, na mambo ya huko huitwa 'guyanais'. Sehemu ya Waingereza ilipopata uhuru tarehe 26 Mei, 1966, ilijiita Guyana, na Kiingereza husema 'Guyanese'. Sauti zakaribiana, nchi ni mbili. Kifaransa huiita ya pili 'guyanien'. Basi aandikaye 'cuisine guyanaise' juu ya nyama iliyopikwa katika maji meusi ya muhogo, chakula cha Krismasi cha Guyana, amekihamisha chungu hadi mahali ambapo watu husherehekea Pasaka kwa mchuzi wa tunda la awara. Balozi wa Guyana aisomapo kadi hiyo atajiona amerudishwa katika ukoloni, tena ukoloni wa mtu mwingine!

Zito zaidi ni neno 'Dominican'. Kwa tahajia ya Kiingereza neno hilo hutaja Jamhuri ya Dominika, iliyojitenga na Haiti mwaka 1844, na pia kisiwa cha Dominika, kilichopata uhuru tarehe 3 Novemba, 1978. Kifaransa hutenga: 'dominicaine' ni ya jamhuri, 'dominiquaise' ni ya kisiwa. Hapa kamusi haitoshi. Sharti mfasiri aulize ni nani aliyeleta sahani. Akiambiwa ni wali, maharagwe na nyama, mlo ambao wenyewe huuita 'bendera' kwa Kihispania, ajue ni wa jamhuri.

Nijeria na Nijeri, zote huru tangu 1960, hutengwa vivyo hivyo: 'nigériane' na 'nigérienne'. Mpiga chapa aliyechoka huzichanganya kwa urahisi.

Kiswahili nacho kina kiambishi ki-, ambacho chatufaa sana: twasema 'kupika kihindi' kama Mfaransa asemavyo 'à l'indienne'. Lakini 'upishi wa Kidominika' waficha lile lile ambalo Kiingereza chaficha. Kwa nchi za namna hii twapendekeza jina la nchi litajwe lote: 'upishi wa Jamhuri ya Dominika', 'upishi wa kisiwa cha Dominika'. Kadi ya karamu ina nafasi ya kutosha.