Kharumwa, kati ya Dhahabu na Ziwa

Mji wa Köln, Ujerumani, ulikulia kando ya mto Rhine, na Mwanza ikakulia kando ya Ziwa Victoria. Kharumwa haina mto mkubwa wala bandari. Hadhi yake ilikuja mwaka 2012, Mkoa wa Geita ulipoundwa kwa kumega Mwanza, Shinyanga na Kagera, na Nyang'hwale ikatengwa na wilaya mama ya Geita. Kharumwa ikawa makao makuu ya wilaya hiyo mpya.

Lakini nchi hii ilianza kupangwa zamani, chini ya ardhi. Mkanda wa miamba wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5 umetambaa kusini mwa Ziwa Victoria, dhahabu ikiwa imejificha katika mishipa yake. Mkanda huo hautambui mkoa. Mgodi wa Bulyanhulu uko upande wa Shinyanga, lakini ni jirani wa Nyang'hwale. Wachimbaji wadogo waliondolewa huko mwaka 1996. Kampuni ya Barrick ikaununua mradi mwaka 1999, na uzalishaji ukaanza 2001. Mgodi mkubwa wa Geita ulikuwa umetangulia kwa mwaka mmoja. Nje ya uzio wa migodi hiyo, kazi ya dhahabu imebaki ya duara (shimo la kuchimbia), karasha (mashine ya kusaga mawe), mwalo (mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu) na zebaki: leo mtu anatajirika, kesho anakopa unga.

Wakazi wengi wa Nyang'hwale ni Wasukuma, na sehemu ya simulizi yao inaanzia mashariki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, huko Kwimba na maeneo ya jirani yalielemewa na watu na mifugo. Serikali ya kikoloni ikahimiza familia zihamie Geita, kwenye mapori yaliyofyekwa ili kufukuza mbung'o. Wahamiaji walikuja na ng'ombe na kilimo cha pamba. Mwaka 1958 wakulima wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mseto wa rangi ambalo serikali hiyo ilitaka kuwawekea, na maelfu wakaandamana hadi Mwanza.

Upande wa kaskazini-mashariki wa wilaya kuna Smith Sound, mkono mwembamba wa ziwa ambao mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliufuata mwaka 1858 akitokea Tabora. Maji ya mkono huo husafirishwa kwa bomba la zaidi ya kilomita 40 hadi mgodi wa Bulyanhulu. Kwa wananchi, mradi wa Nyamtukuza ulibuniwa ili maji ya ziwa yaifikie Kharumwa na vijiji jirani.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,739,530 mkoani Geita. Ile ya 2022 ikakuta 2,977,608. Kwa ongezeko hilo, mji wa ofisi hautoshi. Dhahabu ya mshipa wowote ina mwisho wake, na tangazo la serikali halioteshi mpunga. Kharumwa itasimama kama mji pale mkulima, mfugaji na mchimbaji watakapopata maji ya bomba, soko na barabara, hata mwaka ambao dhahabu imegoma.