Mashine ya Kusahihisha Insha: Ilikotoka na Itakavyotufaa

Wanafunzi wetu wengi hapa Uganda sasa huwasilisha insha kwa njia ya mtandao, na wapo wanaopendekeza kompyuta izisahihishe. Kabla hatujakubali au kukataa, ni vyema tuijue historia yake.

Mwanzilishi wa kazi hii, Ellis Page wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, aliwahi kuwa mwalimu wa Kiingereza. Mwaka 1966 alichapisha makala akidai kwamba wakati wa kompyuta kusahihisha insha ulikuwa umekaribia. Kwa kuwa mashine haikuweza kupima ufasaha wenyewe, Page alihesabu dalili zake: urefu wa insha, wastani wa urefu wa maneno, idadi ya alama za mkato. Hesabu hizo alizilinganisha na alama za walimu, akapata njia ya kukadiria alama. Makadirio yake yalikaribiana na alama za walimu.

Mwaka 1999 mfumo wa e-rater ulianza kusahihisha insha za mtihani wa GMAT pamoja na msahihishaji mmoja. Walipotofautiana kwa zaidi ya alama moja, mtu mwingine aliitwa. Hata hivyo, mwaka 2014 Les Perelman wa MIT na wanafunzi kadhaa waliunda programu iliyotunga insha zisizo na maana, nazo mashine zikazipa alama za juu. Ni dhahiri kwamba dalili za ufasaha si ufasaha.

Katika Kiswahili tatizo huzidi. "Hatutawaambia" ni neno moja lenye maana ya sentensi nzima. Mwanafunzi akiandika "kitabu imepotea", idadi ya maneno haibadiliki, lakini upatanisho wa kisarufi umevunjika. Kinachohitajika ni uchanganuzi wa mofimu, kazi ambayo Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliieleza kwa Kiswahili mwaka 1992.

Muhula uliopita nilisoma insha fupi ya mwanafunzi kuhusu mazishi ya bibi yake. Sentensi zake zilikuwa fupi, maneno ya kawaida. Kwa vipimo vya Page ingeanguka. Mimi niliipa alama ya juu kuliko zote darasani.

Walimu wenzangu, mashine itusaidie kuonyesha makosa ya ngeli. Kuisoma insha kunabaki kuwa wajibu wetu.