Milango Wazi, Sukari Uvunguni: Unguja Mjini Miaka ya 1970



Kila tukikutana, iwe kwenye hitma au kwenye shughuli ya harusi, hakosi bi mkubwa mmoja wa kusema kuwa zamani mji wetu haukuwa na wezi. Tukilala milango wazi, atasema, kanga zikilala kwenye kamba hadi asubuhi, na mtoto akitumwa Darajani na pesa mkononi akirudi na chenji kamili. Sote tunaitikia kwa kichwa, kwa sababu ni kweli. Lakini watu wakishapungua na chai ya pili ikimiminwa, sisi sisi ndio tunaoanza kusimuliana kwa sauti ya chini namna mama alivyoficha kilo mbili za sukari ndani ya mtungi, na namna mlango ulivyogongwa usiku. Hayo nayo ni kweli. Vijana wetu wanasikia nusu ya kwanza tu, ndiyo maana leo tumeamua kuyaandika yote mawili.

Tunaosema hapa ni sisi tuliokuwa wasichana wa skuli mjini Unguja katika miaka hiyo, wengine Mji Mkongwe, wengine Ng'ambo.

Tuanze na milango. Ile ya Mji Mkongwe mnaijua, mizito, ya mbao za kuchongwa na njumu za shaba, lakini mchana kazi yake ilifanywa na pazia. Ng'ambo ndiyo kabisa. Barazani wamekaa wanawake wanasuka ukili, na mgeni hapiti uchochoroni asiulizwe anamtafuta nani. Wezi walikuwepo, tusidanganyane. Kuku waliibwa, nazi ziliibwa, baiskeli iliyoachwa nje ya msikiti iliweza kuondoka na mtu mwingine. Ila mwizi alikuwa na jina, na mama yake alijulikana, na huyo mama ndiye aliyeona haya kupita mtaani wiki nzima.

Jambo jingine ambalo wakubwa wetu hawalitaji sana ni kuwa ndani ya nyumba hakukuwa na cha kuiba. Cherehani, redio moja, masufuria, sanduku la nguo. Ndiyo, kisiwa chetu kilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wenzetu wa Bara walingoja mpaka miaka ya 1990, na hilo tulilijivunia hasa. Lakini wengi wetu tuliitazama nje, tumekaa chini pamoja na mtaa mzima. Majumba ya Michenzani yalikuwa yanapanda ghorofa baada ya ghorofa, watu wanahama vibanda vya udongo kuingia nyumba za umeme na mabomba. Hayo ni mambo ya kweli ya enzi ile na hatutaki kuyafuta.

Kilichokuwa na thamani kilikuwa chakula. Katika miaka ya mwisho ya Mzee Karume, serikali ilibana uagizaji wa vyakula kutoka nje ili watu walime na kujitegemea. Kisiwa chetu kilikuwa kimezoea kula mchele wa kutoka ng'ambo ya bahari tangu enzi za mababu, na shamba halipandi leo likavunwa kesho. Mchele, unga wa ngano na sukari vikaadimika, na huku karafuu ikiuzwa kwa bei nzuri duniani na hazina ya serikali ikiwa na fedha za kigeni za kutosha. Hilo ndilo lililowauma wazee wetu, kwamba fedha ipo na uji hauna sukari.

Hapo ndipo tulipojifunza foleni. Tuliamshwa kabla ya adhana ya alfajiri kwenda kushika nafasi. Mtu akiwa na watoto wadogo nyumbani aliweka kikapu chake, au jiwe, na watu waliliheshimu lile jiwe kama limesimama na buibui. Ikifika saa ya skuli mama anakuja kutupokea. Mara nyingine mlango wa duka ulifunguliwa na kufungwa hapo hapo, vitu vimekwisha. Tukarudi kwenye muhogo, ndizi mbichi na shelisheli. Sabuni ilipokosekana, wengine walifulia majani ya mpapai. Ramadhani ikiingia, futari ya muhogo wa nazi haikuwa tabu, tumeizoea. Tabu ilikuwa Idi bila tambi, bila maandazi, na wageni wanabisha hodi.

Basi mwanamke wa mji ule afanyeje? Alinunua magendo. Tunaliandika neno hili bila kupepesa macho, kwa sababu karibu kila nyumba tunayoijua ilihusika. Sukari ilipita mkono kwa mkono. Ikaletwa na mtu anayejuana na baharia, ikapimwa chumbani kwa kikombe, ikabebwa chini ya buibui na mama aliyekwenda "kumtazama mgonjwa". Mchele ulilala uvunguni umefunikwa kwa mkeka. Watoto tulifundishwa jibu: tukiulizwa jana tulikula nini, tulikula muhogo. Hebu fikiria, mtoto huyo huyo anayefundishwa chuoni kuwa uongo ni haramu.

Pemba mambo yalikuwa makubwa zaidi. Huko ndiko karafuu nyingi inakotoka, na pwani ya Kenya haiko mbali kwa chombo cha matanga. Mkulima alilipwa na serikali sehemu ndogo tu ya bei ya dunia, na Mombasa alipata nyingi. Kwa hiyo vyombo vilipita usiku. Katika enzi hiyo ya Mzee Karume magendo ya karafuu yaliwekewa adhabu ya kifo. Kifo, kwa gunia la karafuu zako mwenyewe ulizozianika kwenye jamvi lako. Unapoambiwa kuwa uhalifu ulikuwa mdogo wakati ule, uliza kwanza ni kitu gani kilichoitwa uhalifu.

Na hofu ya mtaani haikuwa ya mwizi. Ilikuwa ya sikio la jirani. Kulikuwa na volantia, kulikuwa na watu wa usalama, na kulikuwa na mtu wa kawaida tu mwenye kinyongo chake. Mahali pa kuwekwa watu paliitwa kwa Bamkwe, na sisi wanawake jina hilo lilitutia baridi mara mbili, maana bamkwe ni baba wa mumeo, mtu wa kumstahi na kumvulia viatu. Hata kuvuka kwenda Bara kulitaka kibali. Na nguo pia zilikuwa kesi. Vijana wa chama waliwakamata wasichana kwa sketi fupi na wavulana kwa suruali za pekosi, zile pana chini. Katika hili baadhi ya mama zetu hawakulalamika sana. Walisema afadhali hilo limekatazwa. Tunawaelewa, ila tunajiuliza kama stara inayolindwa kwa fimbo barabarani ni ile ile tuliyofundishwa nyumbani.

Maana heshima ya msichana nayo haikuwa salama. Mwaka 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi. Habari zikafika nje ya nchi, zikapigiwa kelele huko. Hapa mjini watu walizungumza kwa macho. Nyumba yenye binti mkubwa iliharakisha posa, au ilimficha binti, au ilitafuta njia ya kumvusha bahari. Katika dini yetu ndoa inataka ridhaa, na kila mwanamke wa mji ule alilijua hilo. Alijua pia kuwa hakuna mlango wa kwenda kulisema. Wezi wa kuku walikuwa na kituo cha polisi, lakini kwa jambo kama hili ungekwenda wapi?

Mahakama zenyewe zilikuwa zimebadilishwa wakati huo. Zilikuwepo Mahakama za Wananchi, waamuzi wake si watu waliosomea sheria, na mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mshitakiwa. Mzee Karume alipouawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, watu wengi walikamatwa, na katika kesi iliyofuata Mwanasheria Mkuu mmoja alisimama upande wa mashitaka na upande wa utetezi pia. Huku mitaani mama na wake wa waliokamatwa walikuwa wakipeleka chakula na nguo, wakirudi na kapu bila kujua kama mwenyewe amekipata.

Baada ya hapo, chini ya Mzee Jumbe, kamba ililegea kidogo kidogo. Foleni hazikwisha. Soko la karafuu likaanguka baadaye, Indonesia iliyokuwa mnunuzi mkubwa ilipopanda mikarafuu yake ya kutosha, na miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa mikavu kweli. Mabadiliko yalikuja 1984. Mzee Mwinyi akaingia, biashara ikafunguliwa, bidhaa kutoka Dubai zikajaa Darajani, na Katiba ya mwaka huo ikaandika haki za binadamu. Sukari ikauzwa mchana kweupe. Kitu kilichokuwa kosa kikawa biashara halali, na wale waliokuwa wakiitwa walanguzi wakaitwa wafanyabiashara.

Lakini milango nayo ikaanza kufungwa. Sasa mlikuwa na cha kuiba ndani, redio kaseti, video, dhahabu ya Dubai, na madirisha yakawekwa vyuma. Kisha ukaja unga. Si ule wa ngano tuliokuwa tukiupangia foleni, bali huu unaowamaliza vijana. Mama aliyekuwa akificha mchele chini ya kitanda akaanza kuficha kanga zake na sufuria zake, safari hii akimficha mtoto wake mwenyewe asije akaziuza. Huyu mwizi naye ana jina, na mama yake tunamjua sote. Tofauti ni kuwa siku hizi mtaa hauji kukaa naye barazani.

Bi wakubwa waliobaki, ukiingia vyumbani mwao, chungulia uvunguni kwa adabu. Utakuta mfuko wa mchele na kopo la sukari lililofungwa kwa kitambaa, ilhali duka liko hatua kumi kutoka mlangoni. Wajukuu huwacheka. Sisi hatuwacheki, na wengine wetu tuna kopo letu.