Mbwa wazee wa Chicago

Mbwa wazee walimuudhi sana Charles Huggins. Katika maabara yake kwenye Chuo Kikuu cha Chicago alikuwa akichunguza majimaji ya tezi dume. Alibuni upasuaji wa kuitenga tezi na kibofu, ili majimaji yatoke safi bila mkojo, naye ayapime siku hadi siku. Kila alipokutana na mbwa mwenye uvimbe kwenye tezi, hesabu zake zilivurugika. Haukupita muda akawa anawasaka mbwa hao hao, maana alipowahasi, uvimbe ulinywea.

Mwaka 1941, yeye na Clarence Hodges walieleza yaliyowapata wanaume ambao saratani ya tezi dume ilikwisha kuwaingia mifupani. Walipoondolewa korodani, asidi fosfatasi, kimeng'enya ambacho saratani hiyo humwaga damuni, ilishuka. Wapo waliopata nafuu ya maumivu ndani ya siku chache. Huggins alipata Nobel mwaka 1966.

Ila ugonjwa ulirudi. Kwa miaka mingi ikadhaniwa kuwa saratani iliyorudi haina haja tena na homoni ya kiume, ile itokayo korodani na kuilisha. Mwaka 1995 watafiti wa Tampere, Finland, walionyesha kuwa katika baadhi ya uvimbe uliorudi, jeni la kipokezi cha homoni limejirudufu. Chakula kimekuwa haba, nazo seli zimeongeza midomo.

Na hazikutegemea mdomo tu. Ndani ya seli kuna njia nyingine ya kupeleka ishara za kukua, inayopita kwenye protini iitwayo AKT. Kinachoidhibiti ni PTEN, jeni lililogunduliwa mwaka 1997, ambalo hupotea katika saratani nyingi za tezi dume zilizokomaa. Mwaka 2011 kundi la Charles Sawyers, New York, lilichunguza panya wasio na PTEN kwenye tezi dume likakuta njia hizi mbili zinabanana. Kipokezi kikizibwa, protini iitwayo FKBP5 hupungua; bila hiyo, kimeng'enya cha kuituliza AKT hakidumu, nayo AKT huwaka. Ukiiziba njia ya AKT, kipokezi nacho huamka. Panya walipozibiwa zote mbili, uvimbe ulisinyaa sana.

Kwa binadamu mambo yalikuwa mazito zaidi. Jaribio la wagonjwa 1,101, lililochapishwa mwaka 2021, liliongeza ipatasertibu, dawa ya kuizuia AKT, juu ya abirateroni, dawa ya kuzuia homoni ya kiume isitengenezwe. Kwa wale ambao saratani yao ilipoteza PTEN, muda wa kati kabla ugonjwa haujasonga mbele ulitoka miezi 16.5 ukafika 18.5. Wengi waliharisha, wakapata vipele, na sukari ikapanda, kwa kuwa insulini nayo huitumia AKT hiyo hiyo kuingiza sukari kwenye misuli.