Maelekezo ya kumtosha mtu wa Kasanda

Wengi mliozoea Dar hamjui Kasanda iko wapi. Iko Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, huko nyanda za juu za Buha, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa mjini. Naitaja kwa sababu nikisoma maelekezo ya programu yoyote najiuliza: mtu aliyeko Kasanda, asiye na namba ya simu ya aliyeitengeneza, ataweza kuitumia kwa kusoma tu?

Siku hizi swali hilo lina uzito zaidi, kwa sababu wasomaji wa maelekezo si binadamu peke yao. Kuna mawakala wa akili mnemba, yaani programu zinazopewa kazi kisha zinachagua zenyewe vifaa vya kuifanyia: kutafuta kwenye kanzidata, kutuma meseji, kulipa bili. Wakala anakijua kifaa kwa maandishi aliyopewa. Maandishi yakiwa na pengo, atabahatisha, tena kwa kujiamini kabisa.

Haya mambo hayakuanza jana. Novemba 1971 Ken Thompson na Dennis Ritchie, wa maabara za Bell huko Marekani, walitoa kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix. Kila amri ilielezwa kwa mpangilio ule ule: jina lake, namna ya kuiandika, kazi yake. Kilichonifurahisha ni sehemu ambapo waliandika kasoro za amri husika. Yaani mtengenezaji anakwambia mapema chombo chake kinakwama wapi!

Sasa turudi Kigoma. Mwaka 2009 Wizara ya Afya na washirika wake, wakiwemo Novartis, IBM na Vodafone, walianza majaribio yaliyoitwa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Kasanda haikuwemo, ila Kigoma Vijijini ni mkoa huo huo. Vituo vya afya 129 viliombwa kila wiki kutuma kwa meseji idadi ya dawa za malaria zilizobaki, mseto na kwinini. Mpokeaji alikuwa kompyuta, kwa hiyo meseji ilitakiwa iandikwe kwa mpangilio maalumu.

Majaribio yalidumu wiki 21. Kwa wastani, taarifa zilipatikana kwa asilimia 95. Meseji zilizokosewa namna ya kuandikwa zilikuwa asilimia 7.5, na karibu zote zilirekebishwa zikatumwa upya. Vituo vilivyoishiwa angalau aina moja ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26. Meseji haibebi dawa, hilo tunajua. Lakini wilayani walianza kuona wapi pamepungua, na dawa zikasogezwa.

Mimi hiyo asilimia 7.5 ndiyo inayonivutia. Hata mfumo uliofanikiwa ulipata makosa, ila yalirekebishika. Na huwezi kurekebisha kosa usiloambiwa.

Kule Kigoma binadamu ndiye aliyejifunza kuiandikia mashine. Leo mashine ndiyo inayosoma tulichoandika sisi. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, wa kuunganisha akili mnemba na vifaa vya nje. Humo kila kifaa huwa na jina, maelezo ya kazi yake, na orodha ya taarifa kinazohitaji. Utaratibu unakupa nafasi ya kuandika maelezo, lakini hauwezi kukuandikia.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Umetengeneza kifaa cha kupokea hesabu za dawa, ukakiita "tuma taarifa", na maelezo yake ni "hutuma taarifa". Wakala akileta 30, ni dozi 30 au maboksi 30? Akiacha wazi, maana yake dawa zimekwisha au hazijahesabiwa? Mtandao ukikatika akatuma mara mbili, hesabu itajumlishwa au ya pili itafuta ya kwanza? Wewe majibu unayo kichwani. Lakini boksi likisomwa kama dozi, kuna mtoto mwenye homa atakayefikishwa zahanati na kukuta kabati tupu.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotengeneza programu, andikeni kifaa kinafanya nini na hakifanyi nini. Andikeni vipimo, na mfano mmoja kamili unaofanya kazi. Ujumbe wa kosa usiishie "imeshindikana". Useme kilichokosewa na kinachotakiwa. Na kasoro ziandikeni, kama wale wa 1971.

Kwetu maarifa mengi ya ofisini yanakaa kwa mtu mmoja, yule anayeambiwa "muulize fulani, yeye ndiye anaujua huu mfumo". Fulani akihama au akistaafu, mfumo unabaki bubu. Tulilivumilia hilo kwa sababu fulani alipatikana kwa simu. Wakala hampigii simu fulani, na mtu wa Kasanda hakuwahi kuwa na namba yake. Ukimwandikia huyu wa Kasanda vizuri, yule wakala naye utakuwa umemhudumia.