Kabla ya kishikwambi: miaka 300 ya macho kuchoka na kichwa kuuma

Umeshika kishikwambi tangu saa mbili usiku, unapitia notsi za mtihani. Ikifika saa tano macho yanawasha kama yameingia mchanga, herufi zinaanza kucheza, na kichwa kinagonga juu ya nyusi. Mwambie mtu uone. Utapata jibu moja kati ya mawili: "Hiyo mionzi itakupofusha," au "Acha kudeka, mbona wenzako wanatumia?"

Majibu hayo yana umri mkubwa kuliko umeme wenyewe. Kila kizazi kilicholazimika kutazama kitu cha karibu kwa saa nyingi kimelalamika, na kimejibiwa hivyohivyo. Ukifuatilia historia yake unakutana na jambo la ajabu kidogo: waliolalamika kwa kawaida walikuwa wanaumia kweli, lakini mtuhumiwa aliyekamatwa mara nyingi hakuwa mwenye kosa. Twende taratibu.

Wapanga herufi wa Italia

Mwaka 1700 daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Aliwashauri madaktari wenzake waongeze swali moja kwa mgonjwa: unafanya kazi gani? Leo linaonekana swali la kawaida, lakini wakati ule halikuwa la kawaida hata kidogo.

Miongoni mwa aliowazungumzia ni wapanga herufi wa viwanda vya uchapaji. Hawa walishinda wakiokota vipande vidogo vya chuma vyenye herufi na kuvipanga mstari kwa mstari. Hata wakirudi nyumbani, zile herufi ziliendelea kuelea mbele ya macho yao usiku. Kuhusu mafundi wa vitu vidogovidogo, aliandika kwamba jicho linalokazwa mahali pamoja kwa muda mrefu hupoteza wepesi wake, akashauri waiache kazi mara kwa mara na waelekeze macho kwingine. Shika ushauri huo, tutakutana nao tena.

Ugonjwa ulioitwa hauna dawa

Karne ya 19 watu wengi zaidi waliingia kwenye kazi za karibu: makarani, wanafunzi, washonaji wa usiku kwenye mwanga wa taa. Madaktari wakaanza kupokea malalamiko yenye sura moja. Mtu anasoma au anashona vizuri kwa muda mfupi, kisha maandishi yanafifia na paji la uso linauma. Akipumzika anapata nafuu, akirudi kazini yanarudi. Hali hiyo ikaitwa astenopia, yaani macho kukosa nguvu.

Wengi walidhani retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ndiyo imedhoofika. Waliogopa kwamba upofu unakuja, na wapo walioshauriwa wabadilishe kazi kabisa. Hebu fikiria fundi cherehani anaambiwa aache kushona. Kwake hiyo ni njaa.

Aliyekata mzizi wa fitina ni Franciscus Donders, profesa wa Utrecht, Uholanzi. Kwenye utafiti wake wa miaka ya 1850, na katika kitabu kikubwa kilichochapishwa London mwaka 1864, alionyesha kwamba wengi wa wagonjwa hao walikuwa na mboni fupi kuliko kawaida, na retina zao zilikuwa salama.

Hesabu yake ni hivi. Jicho la kawaida likitazama mbali halihitaji kujikaza. Likitazama kitu kilicho sentimita 50, misuli ya ndani lazima iinenepeshe lenzi kwa nguvu ya dayopta 2. Ukikisogeza hadi sentimita 25 zinakuwa dayopta 4. Sasa, jicho fupi linajikaza hata kwa kutazama mbali, kwa hiyo likija kwenye kitabu ni kama mtu anayepanda mlima akiwa tayari na mzigo kichwani. Dawa ikawa miwani ya lenzi mbinuko, inayoubeba mzigo huo badala ya misuli. Watu waliokata tamaa wakarudi kwenye vitabu na sindano zao.

Dawa ikapewa kila ugonjwa

Mwaka 1876 daktari wa Philadelphia, Silas Weir Mitchell, aliandika makala kuhusu maumivu ya kichwa yanayotokana na macho. Alikuwa na hoja ya maana: wapo watu wanaotibiwa kichwa kwa miaka mingi, kumbe wanahitaji miwani tu.

Lakini hoja nzuri ikipata mashabiki, wakati mwingine inapotea njia. Daktari mwingine wa macho wa Marekani, George M. Gould, alianza mwaka 1903 kuchapisha mfululizo wa vitabu akidai kwamba maradhi ya Darwin, Carlyle, Huxley na watu wengine maarufu yalitokana na macho yaliyochoshwa. Wagonjwa wenyewe walikuwa wameshazikwa, na hakuna aliyewapima. Ukishakuwa na nyundo, kila kitu unakiona msumari, na wataalamu hawana kinga dhidi ya hilo.

Mionzi ya kompyuta

Ruka hadi miaka ya 1970. Vyumba vya habari vya Marekani vinaondoa mashine za taipu na kuleta kompyuta zenye vioo vya kung'aa, zile zilizofanana na televisheni ndogo. Mwaka 1977 wahariri wawili vijana wa gazeti la New York Times walipata mtoto wa jicho, na chama chao cha wafanyakazi kikauliza: je, ni mionzi? Swali lilikuwa halali kabisa. Taasisi ya serikali ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipima na kukuta mionzi ya mashine hizo iko chini mno ya viwango vya hatari.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, watu wakaambiwa waache kudeka. Bahati nzuri NIOSH waliendelea kuchunguza. Kwenye ripoti ya mwaka 1981 kuhusu wafanyakazi wa eneo la San Francisco, mionzi ilikuwa ndogo tena, lakini malalamiko ya macho, shingo na msongo wa mawazo yalikuwa mengi. Walioumia zaidi walikuwa makarani wa kuingiza data, kazi ya kasi iliyobanwa, isiyo na uhuru wa kuinuka. Waandishi wa habari waliotumia kompyuta kwa mpangilio wao wenyewe walikuwa na nafuu. Kumbe namna kazi ilivyopangwa ilichangia maumivu. Ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1990 kuhusu kazi za skrini ilidai mapumziko na vipimo vya macho kwa wafanyakazi.

Waliohesabu vitu vidogo

Baadaye kidogo Wajapani wawili, Tsubota na Nakamori, wakafanya jambo rahisi mno: walihesabu kupepesa macho. Matokeo yao ya mwaka 1993, kwa wafanyakazi 104 wa ofisini, ni haya: wakiwa wametulia walipepesa wastani wa mara 22 kwa dakika, wakisoma kitabu mara 10, na mbele ya kompyuta mara 7. Kila unapopepesa unapaka jicho upya unyevu wake. Usipopepesa linakauka, na ule mchanga unaouhisi unatokana na hapo.

Uingereza nako, Arnold Wilkins na wenzake walishughulikia taa ndefu za tyubu za ofisini. Kwenye umeme wa hertz 50, taa hizo humeta mara 100 kwa sekunde, kasi ambayo huioni. Wakabadilisha vifaa vya taa ili mwanga utulie, bila wafanyakazi kujua lini zimebadilishwa. Kwa mujibu wa makala yao ya mwaka 1989, maumivu ya kichwa na uchovu wa macho yalipungua kwa zaidi ya nusu. Watu walikuwa wanaumizwa na kitu wasichokiona, na ukiwauliza wasingeweza kukitaja.

Sasa tuje kwako

Tanzania vishikwambi vilizoeleka zaidi baada ya Sensa ya mwaka 2022, makarani walipovitumia kuhesabu watu, kisha vikagawiwa kwa walimu. Mwalimu wa miaka 46 anayekinyoosha kishikwambi mbali kama mtu anayechoma mahindi hadhuriwi na teknolojia. Lenzi yake imekuwa ngumu kwa umri, kama za binadamu wote baada ya miaka 40, na miwani ya kusomea itamsaidia kuliko kurudisha kifaa.

Mtuhumiwa wa zama zetu ni mwanga wa buluu, na miwani ya kuuzuia inauzwa kila kona. Mwaka 2023 shirika la Cochrane lilipitia majaribio 17 na halikupata ushahidi kwamba miwani hiyo inapunguza uchovu wa macho ndani ya muda mfupi ikilinganishwa na miwani ya kawaida. Kwa hiyo, kabla hujaitoa hela yako, fuata mpangilio ambao historia imetupa.

Pima macho kwanza, hasa kama kichwa kinauma kila ukisoma. Sogeza kishikwambi mbali kidogo na ukuze maandishi. Pepesa kwa makusudi. Usisome gizani ukiwa umepunguza mwanga wa skrini hadi mwisho, maana baadhi ya skrini hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima kwa kasi; washa taa ya chumba. Na kila dakika 20 tazama kitu kilicho kama mita 6 kwa sekunde 20. Kanuni hiyo ilienezwa na mtaalamu wa macho wa Marekani, Jeffrey Anshel, ila ushauri wenyewe ni uleule wa Ramazzini.

Tahadhari moja: jicho jekundu linalouma sana pamoja na kichwa na kutapika, au kupoteza kuona ghafla, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Na kichwa kinachouma upande mmoja, ukakwepa mwanga na kelele, kinaweza kuwa kipandauso, ambacho kina matibabu yake.

Basi siku mdogo wako, mwanafunzi wako au mama yako akisema kishikwambi kinamuumiza, usimtishe na usimcheke. Muulize anakishika umbali gani, kwa saa ngapi, kwenye mwanga upi, na mara ya mwisho alipimwa macho lini.