Wasaidizi wa Wauguzi Handeni na Korogwe: Kutoka kwa Dresa hadi kwa Mhudumu wa Afya

Kabla ya kuja kwa hospitali, mgonjwa wa Uzigua, eneo la Wazigua katika Handeni na Korogwe, aliuguzwa na ndugu zake nyumbani. Mganga aliitwa kwa dawa, na mkunga aliitwa kwa uzazi. Mkunga alijifunza kazi kwa mama au shangazi yake, akimfuata miaka mingi kabla ya kuachiwa kuzalisha peke yake. Cheti hakikuwapo, watu walimwamini kwa sababu ya wanawake aliokwisha kuwazalisha salama. Katika vijiji kama Kwaluguru, vilivyo mbali na boma la Handeni na mbali na reli, uuguzi wa namna hiyo ulidumu hata baada ya hospitali kujengwa kwingine.

Uuguzi wa hospitali uliingia kwanza kwa njia ya misheni. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walifika Magila, Muheza, mwishoni mwa miaka ya 1860, na baadaye kazi yao ikaenea hadi Korogwe, na katika Handeni hadi Kideleko na Kwamkono. Mwaka 1911 Askofu Frank Weston alianzisha shirika la masista wa Kianglikana, Community of the Sacred Passion, na sehemu kubwa ya uuguzi wa misheni ikawa mikononi mwao. Mafunzo ya wasaidizi yalifanyika wodini. Msichana aliyejua kusoma na kuandika alianza kwa usafi na kuchemsha vyombo, kisha kuosha wagonjwa, na hatimaye kufunga vidonda na kugawa dawa mbele ya sista. Kwa hiyo shule ya misheni ndiyo iliyokuwa mlango wa kazi hiyo, na pasipokuwa na shule ya wasichana hapakuwa na wasaidizi wa kike.

Njia ya pili ilikuwa mkonge. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakatanda kando yake, Magunga na Ngombezi yakiwamo. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka mikoa ya mbali, wakakaa kambini kwa msongamano, wakikatwa na visu na kuchomwa na miiba ya mkonge. Mwajiri alihitaji mtu wa kusafisha vidonda na kugawa kwinini ili watu warudi kazini. Mtu huyo ndiye dresa. Wengi wa aina yake walijifunza kwa kutazama na kutenda, na ujuzi wao ulitofautiana mno kati ya shamba na shamba.

Serikali ya Waingereza ilianza kuupanga utaratibu wa madresa mwaka 1926, mwaka uleule Gavana Donald Cameron alipoweka utawala wa wenyeji kisheria. Mkuu wa idara ya tiba, Dakta John Shircore, alipendekeza kila utawala wa wenyeji uwe na madresa wake. Kijana aliyejua kusoma alichaguliwa kwao, akapelekwa hospitali ya serikali kujifunza, kisha akarudi kufungua zahanati ndogo, mara nyingi ya udongo na nyasi. Mshahara wake ulitoka katika hazina ya wenyeji, yaani katika kodi ya wananchi. Alitibu vidonda, homa, macho na minyoo. Kilichowavuta watu zaidi katika tiba mpya ya miaka hiyo kilikuwa sindano ya buba, iliyokausha vidonda kwa siku chache. Hata hivyo mpango huu ulikuwa na upungufu mkubwa: madresa walikuwa wanaume, hivyo uzazi ulibaki nje ya zahanati. Aidha, mafunzo yao hayakuwapa ngazi ya kupanda. Dresa hodari aliyefanya kazi miaka ishirini aliweza kustaafu akiwa dresa.

Sheria ya kuandikisha wauguzi na wakunga ilitungwa Tanganyika mwaka 1952, na Baraza la Wauguzi na Wakunga likaanza mwaka 1953. Tangu hapo muuguzi akawa mtu ambaye jina lake limo katika daftari la Baraza. Mstari huo ulimlinda mgonjwa, na ulihitajika. Lakini uliwaacha nje watu walioendesha wodi na zahanati za vijijini, na kumbukumbu za tiba zimewatendea haba: majina ya madaktari na masista yameandikwa, ya wasaidizi wao ni nadra kuonekana.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, kwa hiyo isingeweza kuwategemea madaktari kuhudumia vijiji. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Handeni ikawa miongoni mwa wilaya zilizoingia mapema katika vijiji vya ujamaa. Kabuku na Kwamsisi vilijulikana nchi nzima. Watu waliokuwa wametawanyika walikusanywa pamoja, na zahanati ikawa moja ya ahadi kuu walizopewa. Kuanzia miaka ya 1970 mganga msaidizi wa kijijini alitibu, na kando yake aliwekwa msaidizi wa afya ya mama na mtoto. Huyu wa pili alikuwa kwa kawaida msichana aliyemaliza darasa la saba, akafunzwa miezi 18 kupima wajawazito, kuzalisha, kuchanja na kupima uzito wa watoto. Hivyo pengo la uzazi lililoachwa na dresa lilizibwa na mtu aliyefunzwa na serikali.

Miaka ya 1990 ajira serikalini zilisitishwa, na kada za muda mfupi zikaanza kuondolewa au kuendelezwa. Aliyebaki chini ya muuguzi ni mhudumu wa afya, ambaye serikali humwajiri akiwa amemaliza kidato cha nne na mafunzo ya mwaka mmoja. Hutandika vitanda, huwaosha wagonjwa, hupeleka sampuli maabara na husafisha vifaa. Vyuo vya ufundi, vya afya vikiwamo, vikawekwa chini ya NACTE, chombo cha kusimamia elimu ya ufundi kilichoanzishwa kwa sheria ya 1997 na ambacho sasa ni NACTVET. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka kila muuguzi awe na usajili au uandikishwaji pamoja na leseni ya Baraza. Mwaka 2024 ulizinduliwa pia mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaofunzwa miezi sita na kufanya kazi vijijini kwao.

Kijana wa Kwaluguru au Korogwe anayeitaka kazi hii ahakikishe kwanza kwamba chuo chake kimo katika orodha ya NACTVET kabla ya kulipa ada. Ajue pia kwamba cheti cha mhudumu hakimpi leseni ya uuguzi. Anayetaka kuwa muuguzi anahitaji ufaulu wa masomo ya kidato cha nne, yakiwamo baiolojia na kemia, kisha masomo ya uuguzi yanayotambuliwa na Baraza.